Manifoldi Isiyo na Jina: Kisa cha Camaro Z/28 ya 1968

Majina ya watu, mji, namba kamili ya chasisi na jina la kampuni iliyotengeneza spea inayozungumziwa, yaani manifoldi, kipande kinachogawa hewa na mafuta kwenda kwenye silinda, yameondolewa. Tarehe, vipimo na mpangilio wa matukio vimeachwa kama vilivyokuwa.

Usuli

Chevrolet Camaro Z/28 ilizaliwa kwa ajili ya mashindano. Mbio za Trans-Am za Marekani ziliweka kikomo cha injini kuwa inchi za ujazo 305, yaani lita 5 hivi. Chevrolet wakachukua silinda ya kipenyo cha inchi 4, wakaipa mwendo wa pistoni wa inchi 3, wakapata inchi za ujazo 302. Mwaka 1967 ziliuzwa gari 602, mwaka 1968 zikawa 7,199. Mwaka huohuo wa 1968, Mark Donohue akiendesha Camaro ya timu ya Roger Penske alishinda mbio 10 kati ya 13, na kila kijana wa Marekani mwenye Z/28 alitaka gari lake lifanane na lile.

Hapo ndipo spea za nje ya kiwanda zilipoingia. Mteja alichukua gari jipya kwa wakala, na kabla ya mwezi kuisha alikuwa amekwisha kulibadilisha ekzosi, gia, rimu na kabureta. Spea hizo zilitoka kwa makampuni madogo, mengi yao ya Kusini mwa California. Baadhi yalidumu miaka mitatu minne yakafungwa, na hayakuacha kumbukumbu yoyote ila matangazo katika magazeti ya magari. Leo spea hizo zina soko lake. Iliyo adimu, ikithibitika kuwa ilikaa kwenye gari hilohilo tangu ujana wake, inaweza kupandisha bei kwa maelfu ya dola.

Mnunuzi wa spea Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, amezoea kuuliza: ni orijino au feki? Katika magari haya ya zamani swali hilo halitoshi. Spea inaweza kuwa ya kweli kabisa, ya mwaka sahihi kabisa, na bado ikawa imefungwa kwenye gari wiki iliyopita. Nasaba ya spea ina maswali matatu: ni kitu gani, kilitengenezwa lini, na kilifungwa lini kwenye gari hili. Mihuri na namba hujibu la kwanza na la pili. La tatu hujibiwa na makovu.

Madai

Muuzaji alikuwa na Z/28 ya 1968 yenye manifoldi ya kabureta mbili ya aina ya krosi-ramu: kabureta zimekaa kimshazari, na njia za hewa zinavuka katikati ili kila kabureta ilishe silinda za upande wa pili. Kipande cha chini ni kitako, cha juu ni kifuniko kinachobeba kabureta. Alidai mambo matatu: kwamba ni krosi-ramu ya Chevrolet wenyewe, ile iliyouzwa kwenye kaunta za spea za mawakala, kwamba ni ya magnesiamu, na kwamba wakala aliifunga mwaka 1968 kabla gari halijakabidhiwa. Kwa sababu hiyo aliongeza dola 12,000 juu ya bei ya gari.

Mnunuzi alimwita mkaguzi wa kujitegemea. Walikubaliana saa 20 za kazi, ripoti ya maandishi, na ruhusa iliyosainiwa na muuzaji ya kufungua kifuniko cha manifoldi tu. Kitako hakingetolewa kwenye injini bila ruhusa ya pili.

Gari kwanza, spea baadaye

Mkaguzi hakuanza na manifoldi. Ikiwa gari lenyewe si Z/28, hadithi yote ya spea inaanguka. Na mwaka 1968 namba ya chasisi haikusaidii: 124378 mwanzoni inasema Camaro ya V8, milango miwili, mwaka 1968, basi. Haisemi Z/28. Wala kibati cha rangi na viti kilichopo ukutani mwa chumba cha injini hakisemi. Kumbukumbu za kiwandani za gari mojamoja nazo, kwa Chevrolet zilizouzwa Marekani, hazikuhifadhiwa. Wenye Pontiac na wenye Chevrolet zilizouzwa Kanada wana bahati zaidi.

Kilichobaki ni bloku ya injini. Namba iliyosubiwa nyuma yake ilikuwa 3914678, ndiyo bloku ya 302 ya mwaka huo. Tarehe ya kusubu ilikuwa B 20 8: B ni Februari, siku ya 20, mwaka 1968. Kwenye bapa lililo mbele ya hedi ya kulia paligongwa V0306MO: V ni kiwanda cha Flint, 0306 ni tarehe 6 Machi, MO ni Z/28. Pembeni yake palikuwa na kipande cha namba ya chasisi, kinacholingana na kibati cha dashibodi. Kibati cha rangi kilionyesha 03C, wiki ya tatu ya Machi. Mlolongo umekaa sawa: bloku imesubiwa, wiki mbili baadaye injini imeunganishwa, kisha gari likakamilika.

Bapa hilo lilipigwa picha kwa tochi iliyolazwa pembeni. Kiwandani lilipitishwa chini ya kisu cha mashine kinachoacha mistari myembamba iliyonyooka, na mistari hiyo ilikuwepo, ikipita hata katikati ya herufi. Mtu akisaga namba ili agonge nyingine, mistari hiyo ndiyo hupotea kwanza.

Kabureta

Kabureta zote mbili zilikuwa Holley LIST-1850 (LIST ni namba ya modeli ya Holley), za futi za ujazo 600 za hewa kwa dakika. Hii ni kabureta ya matumizi ya jumla, iliyouzwa kwa wingi sana, kwa hiyo si adimu. Thamani yake katika kisa hiki ni tarehe.

Holley waligonga msimbo wa tarehe chini ya namba ya LIST, kwenye ukuta wa mdomo wa choki. Msimbo wa zamani una alama tatu: tarakimu ya mwisho ya mwaka, mwezi, wiki. Mwezi huenda 1 hadi 9, kisha 0 ni Oktoba, A Novemba, B Desemba. Tangu mwaka 1973 hivi msimbo ukawa wa tarakimu nne: tatu za kwanza ni siku ya mwaka, ya mwisho ni mwaka.

Ya mbele ilikuwa na 941: wiki ya kwanza ya Aprili, mwaka unaoishia na 9. Ya nyuma ilikuwa na 1124, na namba yake ya LIST ilifuatwa na kiambishi cha toleo lililofanyiwa marekebisho. Siku ya 112 ni Aprili 22 (Aprili 21 katika mwaka mrefu), mwaka unaoishia na 4, yaani 1974 au 1984. Kwa hiyo kabureta hizi mbili hazikununuliwa pamoja, na hakuna hata moja iliyokuwa imetengenezwa siku gari linatoka kwa wakala mwaka 1968.

Tarakimu moja ya mwaka haikuambii muongo. 941 haiwezi kuwa 1979 kwa sababu msimbo ungekuwa wa tarakimu nne. Kwa injini ya 1968, muongo wa karibu ni 1969. Ripoti iliandika “inaelekea”, haikuandika “imethibitika”. Mkaguzi alifungua pia bakuli za mafuta kuona namba za vibao vya jeti, maana si ajabu mwili wa kabureta moja kuvalishwa vibao vya nyingine. Vya mbele vililingana vyote. Cha pili cha ile ya nyuma hakikulingana na mwili wake.

Linki na karatasi

Kabureta hizo ziliunganishwa kwa linki ya fito mbili yenye kibati kidogo cha kampuni na namba ya hataza inayoanzia 3,43. Hapa ndipo dai la mwaka 1968 lilipovunjika bila ubishi. Hataza za Marekani zilizotolewa mwaka 1969 zinaanzia namba 3,419,907, na za 1970 zinaanzia 3,487,470. Namba ya 3,43 kwa hiyo ni ya miezi ya mwanzo ya 1969. Kibati hakiwezi kubeba namba ambayo bado haijatolewa.

Tahadhari mbili. Maneno “hataza inasubiriwa” hayana tarehe ndani yake. Kuna waliokaa nayo miaka. Na hataza za umbo zina mfululizo wake tofauti, hutanguliwa na herufi D. Ukizisoma kwenye jedwali la kawaida utapata mwaka wa ajabu.

Muuzaji alikuwa na bahasha ya karatasi. Kati yake ilikuwepo karatasi ya maelekezo ya kufunga linki hiyo. Anwani yake ilikuwa na namba ya posta ya tarakimu tano, mfumo wa ZIP ulioanza Julai 1963. Kona ya chini kulikuwa na nembo ya SEMA, chama cha Marekani cha watengenezaji wa spea za nje ya kiwanda. Chama hicho kilipoanzishwa 1963, herufi yake ya kwanza ilisimamia neno Speed (mwendokasi). Mwaka 1967 likabadilishwa kuwa Specialty (maalumu), na 1979 neno Manufacturers (watengenezaji) likawa Market (soko). Jina kamili kwenye nembo ya karatasi hii lilikuwa lile la kati. Basi karatasi ni ya kati ya 1967 na 1979. Ni dirisha pana, lakini halipingani na hataza, na pande mbili zisizojuana zinapokubaliana, uzito unaongezeka.

Karatasi nyingine ilikuwa risiti ya kupaka rangi gari zima, mwaka 1981. Ilionekana haina kazi. Baadaye ikawa na kazi kubwa.

Manifoldi yenyewe

Kwanza dai la magnesiamu, kwa kuwa linajibiwa kwa ndoo ya maji. Kifuniko kilifunguliwa, kikapimwa kwa mizani ya kuning'iniza: hewani kilo 4.12, kikiwa kimezama majini kilo 2.59. Tofauti, 1.53, ndiyo ujazo wake kwa lita. Gawanya uzito wa hewani kwa ujazo unapata 2.69. Alumini ya kusubu iko hapohapo karibu na 2.7; magnesiamu iko karibu na 1.8. Dai likafa katika dakika kumi. Makosa ya kawaida katika kipimo hiki ni mapovu ya hewa yanayojificha kwenye pembe, na stadi za chuma (bolti zisizo na kichwa) zilizoachwa ndani; zote ziondolewe kabla.

Kisha dai la Chevrolet. Spea za Chevrolet za miaka hiyo hubeba namba ya kusubu ya tarakimu saba, na kwa kawaida tarehe ya herufi na tarakimu kama ile ya bloku. Hapa hapakuwa na lolote. Palikuwa na bapa la upana wa sentimita 9 lililosagwa, ambapo bila shaka jina la kampuni lilisimama, na chini yake herufi mbili na tarakimu mbili za mwenye kalibu.

Muuzaji alipendekeza bapa lipakwe asidi ili jina lirudi. Mkaguzi alikataa, na sababu ni ya kifundi. Namba iliyogongwa kwa nyundo huminya chuma kilicho chini yake; hata ukisaga juu, chuma kilichominywa humenyuka tofauti na asidi, na namba inaweza kuonekana tena. Jina lililosubiwa kwa kuinuka halikuminya kitu. Likisagwa limekwenda. Asidi ingeacha doa tu.

Kitako kilichunguzwa kikiwa juu ya injini. Bolti 12 za inchi 3/8, pembe za bolti nne za katikati zikiwa za mtindo wa kabla ya 1987, mwaka ambao Chevrolet waliibadilisha pembe hiyo. Mbele palikuwa na tundu la bomba la kujazia oili. Tundu hili lina maana: hadi 1968 injini ndogo ya V8 ya Chevrolet ilijazwa oili kupitia bomba la manifoldi, na mwaka 1969 kujazia kukahamia kwenye kifuniko cha valvu. Kutokana na tundu hilo ripoti ya kwanza iliandika kwamba kitako “kilitengenezwa 1967 au 1968”. Sentensi hiyo itarudi.

Baadaye kitako na kifuniko vilipimwa kwa bunduki ya miale ya X kwenye karakana ya chuma chakavu, kazi ya nusu saa. Kitako kilionyesha shaba ya asilimia 3.4 na silikoni karibu 6, sifa za aloi 319. Kifuniko kilikuwa na silikoni karibu 7 na shaba chini ya robo ya asilimia, sifa za 356. Hivyo vipande viwili havikutoka katika mmimino mmoja. Kiwanda kidogo kingeweza kubadilisha aloi kati ya kundi na kundi, kwa hiyo jambo hili peke yake ni dokezo. Lakini kifuniko kilikuwa na matundu mawili yenye meno ya M8, wakati mengine yote ni 5/16 kwa meno 18 kwa inchi. Vipenyo vinakaribiana sana, milimita 8.00 na 7.94, bolti ya inchi huingia mizunguko miwili mitatu kisha hukaza. Fundi asiye na subira huilazimisha. Ndivyo matundu mengi ya manifoldi za zamani yalivyoharibika.

Picha mbili

Bahasha ilikuwa na picha mbili za rangi zilizochapishwa kwenye maabara, na pambizo zao zilikuwa na mwezi na mwaka kama ilivyokuwa kawaida ya Marekani. Tarehe hiyo ni ya kusafisha filamu. Picha yenyewe ilipigwa siku hiyo au kabla yake, haiwezi kuwa baada.

Ya kwanza, AUG 69, ilionyesha gari limesimama, boneti imekatwa na kuinuliwa kwa kibweta. Haionyeshi injini. Inatuambia tu kwamba kufikia Agosti 1969 kulikuwa na kitu kirefu chini yake.

Ya pili, JUN 71, ilipigwa boneti ikiwa wazi, na ndiyo iliyoamua kisa. Mkaguzi aliiskani kwa nukta 2400 kwa inchi. Kona ya mbele ya kitako ilionekana, na kando ya kiti cha thamostati palikuwa na kovu la kuchomelea: tuta fupi lenye umbo la koma, mkia ukielekea kwa feni. Kovu hilohilo, mkia uleule, lipo kwenye kitako cha leo, urefu wa milimita 31. Tundu la oili, idadi ya bolti, hata mpangilio wa mbavu ni sifa za jamii nzima ya manifoldi hizo. Kovu la kuchomelea ni la huyu mmoja tu.

Picha hiyo ilionyesha pia kifuniko chenye mbavu tano. Kilichopo leo kina sita. Dokezo la aloi na dokezo la meno vikapata shahidi.

Na ilionyesha bloku ya kugawa mafuta imefungwa kwenye ukuta wa nyuma wa injini kwa skrubu mbili. Leo bloku haipo, ila matundu mawili yapo. Mkaguzi aliyatazama kwa kioo cha kukuza: rangi nyeusi ya 1981 imeingia ndani ya kingo za matundu, na chini yake rangi ya kiwanda imekatika kwa ukali pale toboo lilipopita. Yalitobolewa baada ya rangi ya kiwanda na kabla ya rangi ya 1981. Hapo ndipo risiti ile ilipopata kazi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi uliogharimu zaidi ulikuwa kutokutoa kitako. Mnunuzi alitaka chini yake paonekane, kwani huenda kuna alama. Mkaguzi alipima: kukitoa kungevunja gasketi, kungetaka distribyuta itolewe, na muuzaji angekuwa na haki ya kudai chochote kikivuja. Faida ilikuwa jina la kampuni pengine. Swali la bei halikutegemea jina hilo. Wakaacha.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa lugha. Kila sentensi ya ripoti ilipewa daraja moja kati ya matatu: imethibitika, inaelekea, haijulikani. “Kitako hiki kilikuwa kwenye gari hili kufikia Juni 1971” ilipewa la kwanza. “Kilifungwa kati ya Aprili na Agosti 1969” ilipewa la pili, kwa kuwa inategemea kabureta ya mbele, linki na kibweta cha boneti viwe vya kazi moja. “Nani alikifunga” ilipewa la tatu. Hakuna karatasi hata moja ya wakala iliyotaja kazi hiyo. Kibati cha waranti cha Chevrolet, ambacho muuzaji alikitoa kwa fahari, hurekodi injini, gia na ekseli zilizotoka kiwandani. Spea ya kufungwa baadaye haingii humo.

Mkaguzi hakujaribu kuwatafuta wamiliki wa zamani kupitia ofisi za usajili. Sheria ya shirikisho ya 1994 inayolinda taarifa za madereva inabana jambo hilo. Badala yake muuzaji mwenyewe aliombwa awasiliane na familia ya mmiliki wa pili, na picha zikathibitishwa kuwa za kwao.

Matokeo

Madai yote matatu yalianguka: si ya Chevrolet, si ya magnesiamu, na haikufungwa 1968. Hata hivyo manifoldi haikuanguka. Ilibaki kuwa krosi-ramu ya mtengenezaji mdogo, iliyofungwa gari likiwa changa, yenye ushahidi wa picha ambao manifoldi nyingi za Chevrolet zenyewe hazina. Nyongeza ilishuka kutoka dola 12,000 hadi 5,000, kwa masharti kwamba picha asili, karatasi ya linki na risiti ya 1981 ziende pamoja na gari. Muuzaji alisaini.

Miezi saba baadaye ukurasa wa katalogi ya mauzo kwa posta ya 1972 ulipatikana. Mchoro wake ulikuwa na mpangilio uleule wa bolti, kifuniko chenye mbavu tano, na herufi mbili za kalibu zilizolingana na vifupisho vya jina la kampuni. Jina likajulikana. Ila mchoro huo wa 1972 ulikuwa bado na tundu la oili mbele.

Uchambuzi

Kosa kubwa la ripoti liko hapo. Tundu la oili linaeleza lini kalibu ilichorwa. Halielezi lini chuma kilimiminwa. Kampuni ndogo haitupi kalibu ghali kwa sababu Chevrolet wamehamisha sehemu ya kujazia oili. Inaendelea kusubu na kuziba tundu kwa kizibo, maana wateja wenye injini za zamani bado wapo. Sentensi ya “1967 au 1968” ilifutwa, ikawekwa “si baada ya Juni 1971, mwanzo haujulikani”. Bei haikuguswa, kwa sababu haikujengwa juu ya sentensi hiyo. Lakini kama picha ya 1971 isingekuwepo, kosa hilo lingesimama kama ukweli kwa miaka.

La pili lilitokea kabla mkaguzi hajafika. Muuzaji, kwa nia njema, alipeleka kifuniko kikapulizwe vumbi la kioo ili king'ae. Masizi, rangi, mabaki ya gasketi na kivuli cha bati la kampuni, kama kilikuwepo, vyote vilikwenda na vumbi. Ukitaka kuuza spea adimu, iache chafu. Mswaki mkavu wa nailoni unatosha hadi picha zipigwe. Kitako kilinusurika kwa sababu kilikuwa juu ya injini.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni mpangilio wa ukaguzi. Kila kipande kilipewa tarehe yake peke yake kabla ya kuulizwa kama vinakubaliana. Mkaguzi angeanza na hadithi ya muuzaji, angeisoma 941 kwa kuinamisha kichwa upande wa 1968, na kabureta ya nyuma angeiita badiliko dogo. Kwa kuwa vilipimwa mbalimbali, ilionekana wazi kwamba manifoldi hii ni mkusanyiko wa vipindi vitatu: kitako, linki na kabureta ya mbele ni vya ujana wa gari, kabureta ya nyuma ni ya 1974 au 1984, kifuniko kiliingia wakati wowote baada ya Juni 1971.

Kipimo cha miale ya X kilisaidia kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Hakikumtaja mtengenezaji, maana 319 na 356 zilitumiwa na kila kiwanda cha kusubu. Kilichofaa ni kulinganisha kipande na kipande cha gari moja. Ukiwa na fedha ya kipimo kimoja tu, usikipime kitako peke yake; gawa muda upime sehemu zote zinazodaiwa kuwa ni seti.

Skani ya picha ingeweza kukosa kovu kama ingefanywa kwa nukta 300, ambayo ndiyo mipangilio ya kawaida ya ofisini. Kovu la milimita 31 kwenye injini lilikuwa chini ya milimita moja kwenye karatasi. Kwa nukta 300 lingekuwa na nukta kumi kwa urefu, doa tu. Kwa 2400 umbo la koma lilionekana. Kilichobaki nje ya uwezo wa skani ni kina cha ukali wa lenzi, na hapo kona ya kulia ya picha haikutoa kitu.

Mnunuzi aliweka kabureta ya nyuma sandukuni, ikiwa na kibandiko cha namba na tarehe yake, akafunga nyingine ya LIST-1850 yenye msimbo wa 1969. Katika faili la gari iliandikwa kuwa imefungwa sasa, haikutoka na gari. Kifuniko cha mbavu sita bado kiko juu ya kitako, na kile cha mbavu tano kinaendelea kutafutwa kwa vipimo vya ukurasa ule wa katalogi.